Gari Limelala Wapi?

Vijana wa gereji mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau, na mnajua kwamba kusahau kwenyewe kumeshaanza, maana wiki iliyopita nilitafuta miwani nyumba nzima nikiwa nimeivaa. Mwaka huu nimeweka spana chini. Sitawaandikia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo cha fundi ni kucha zake, na mshahara ulienda ulikoenda. Nitawaandikia habari ya taa moja nyekundu, ndogo kama punje ya hindi, ambayo nusura impeleke mtu mwema jela, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimsukuma.

Nilifika Nakuru katikati ya miaka ya sitini, kwa treni kutoka upande wa Bungoma, na sanduku la mbao ambalo ndani yake mlikuwa na suruali mbili na barua ya mjomba. Nilipanga chumba Bondeni. Gereji ilikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, na mwenye mali tulimwona mwisho wa mwezi tu. Mwenye gereji hasa, yaani yule tuliyemwogopa, alikuwa foromani Kartar, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha samawati. Alikuwa akilala chini ya magari pamoja nasi, na kilemba kile hakikupata hata tone la oili. Miaka kumi na mitatu nilifanya kazi naye na mpaka leo sijui alikuwa akifanyaje.

Siku ya kwanza hakunipa gari. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanikalisha mbele ya sinia la spana zilizochanganywa, akanitia moja mkononi.

"Hii ngapi?"

"Sijui, bwana."

"Basi wewe hapana fundi bado. Kesho narudi."

Nilirudi kesho, na kesho kutwa, na wiki tatu zikaisha hivyo. Wenzangu walikuwa wakinicheka, lakini mwishowe vidole vyangu vilijua nusu inchi na tisa kwa kumi na sita kama mnavyojua simu zenu mfukoni. Baadaye alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ile mliyoikuta ikining'inia kwenye ukuta wangu. Ncha unaiweka kwenye injini, mpini unauweka kwenye sikio, na injini inakusimulia yote. Nyinyi mna kompyuta. Siidharau kompyuta, ina faida zake, na mojawapo ni kwamba haiombi ruhusa ya kwenda mazishi. Ila nayo haijui kitu ambacho haikuunganishwa nacho.

Kartar alikuwa na mafundisho yake matatu, na aliyarudia mpaka tukayachoka. Kabla ya spana, mkono. Kabla ya mkono, sikio. Kabla ya sikio, mdomo. Maana yake ni kwamba umwulize mtu kwanza, ndipo usikilize gari, ndipo uliguse. Mkono nilijifunza upesi, na sikio pia. Mdomo niliutumia kupigia mluzi.

Miaka hiyo gari lilikuwa na tabia ya mahali linapotoka. La mjini lilikuja na vumbi jeupe la ziwa kwenye chujio la hewa, hasa Februari, upepo ukivuma. La Gilgil lilikuja limechoka springi kwa kubebeshwa viazi. Bwana mmoja wa Kihoto, kule Naivasha, alituletea gari lililolala majini siku mbili. Nilipofungua kasha la chujio akatoka chura, akanitazama, akaruka zake. Kartar aliuliza kama chura naye ameandikwa kwenye kadi. Kadi ya kazi ilikuwa kila kitu pale. Kila gari lilikuwa na kadi yake, fundi aliandika alichokikuta na alichokifanya, akatia sahihi, na nakala akapewa mwenye gari. Kadi ndiyo iliyoniponza.

Miaka ya sabini ilipoanza, mashamba makubwa ya juu yalikuwa yameshanunuliwa na watu waliojiunga pamoja. Shirika moja la Mau Narok, familia arobaini hivi za kilimo cha pareto na ngano na maziwa kidogo, lilijinyima likanunua stesheni wagoni mpya, rangi ya maziwa, kwa ajili ya kupeleka wagonjwa hospitali na wakubwa wa shirika kwenye mikutano. Nawaomba mwelewe hilo jambo. Watu wale walikuwa wamefanya kazi kwenye shamba lile lile kama vibarua, wakitembea kwa miguu kandokando ya gari la mzungu. Sasa gari lilikuwa lao. Mwenyekiti wao, Mzee Kariuki, aliyekuwa dereva wa trekta la mzungu huyo kwa miaka mingi, ndiye aliyekabidhiwa kulilaza nyumbani kwake. Kitabu cha maelezo ya gari alikifunga kwa kitambaa akakiweka kwenye sanduku la chuma pamoja na hati ya shamba, kisha akalifunga sanduku. Hakuna aliyekisoma, lakini hakuna aliyekichafua.

Dereva walimwajiri mmoja wao, Njuguna, mtu mrefu, mpole, wa makamo. Alikuwa ameendesha lori la magogo miaka mingi bila kumgusa mtu. Hakujua kusoma. Alama za barabarani alizijua kwa sura, na mambo mengine yote aliyashika kichwani.

Walikuja mara ya kwanza mwezi wa Julai, Njuguna na mwenyekiti. Gari halikuwa na miezi mitatu.

"Fundi," mwenyekiti akaniambia, kofia ya kitambaa mkononi, "hii gari ni mpya, lakini kila asubuhi taa inawaka hapa mbele. Ile nyekundu iko na picha ya birika."

Mnaijua ile picha. Ni mkebe wa oili wenye mdomo mrefu na tone, na kwa kweli unafanana na birika. Niliwasha injini, taa ikazimika mara moja. Nikazima, nikawasha tena, ikazimika. Nilitoa kijiti cha kupimia nikakuta oili imezidi alama kwa vidole viwili, nikacheka moyoni, nikaipunguza.

Njuguna alikuwa amesimama karibu na bawa la gari. "Lakini fundi," akaanza, "kule kwetu asubuhi, kukiwa na baridi ile ya..."

"Wacha maneno, mzee," nikamwambia. "Gari nitaliona mwenyewe."

Alikuwa na umri wa kuweza kuwa baba yangu mdogo, na alinyamaza. Nawaandikia maneno yale kama nilivyoyasema, ili msidhani kwamba uzee umenifanya niwe malaika.

Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii peke yake. Kartar alikuwa ameenda Kisumu kwenye harusi ya mpwa wake, na mimi ndiye niliyeachiwa gereji, kwa hiyo kifua kilikuwa kimenijaa. Taa ilikuwa ikiwaka kila asubuhi, Njuguna akasema, na sasa ilikuwa inakawia kuzimika. Niliweka saa ya kupimia presha ya oili. Injini ilikuwa imeshapata moto kwa safari ya kushuka kupitia Njoro, na presha ilikuwa safi kama ya kwenye kitabu. Oili ilikuwa imezidi tena, nikaipunguza tena. Nikabadilisha swichi ya taa kwa kuhakikisha tu. Kisha nikachukua kadi nikaandika, kwa Kiingereza kama ilivyokuwa desturi, maneno matatu: hakuna kosa lililoonekana. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Njuguna alipokea nakala kwa mikono miwili. "Hapa umeandika gari iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

"Basi nitawapelekea," akasema, na uso wake ukafunguka. Aliikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaufunga kifungo.

Sikujua alichokuwa amekibeba. Nilikuja kukijua mwezi uliofuata, walipofika mara ya tatu. Boneti ilikuwa na kufuli, kufuli kubwa la ghala, limetiwa kwenye vipete viwili vilivyofungwa kwa kutoboa bati jipya la gari jipya. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mzee Kariuki, umefungwa kwa uzi. Njuguna alikaa ndani ya gari, hakushuka.

"Kufuli ni ya nini, mzee?" nikauliza.

Mwenyekiti akanivuta kando. "Kijana, hii kitu ni ya aibu. Taa ikiwaka maana yake ni oili imeisha, si ndiyo? Birika imekauka. Tunaongeza. Kesho yake inawaka tena. Sasa hiyo oili inaenda wapi? Tukasema labda gari ni mbovu. Lakini wewe mwenyewe uliandika gari haina kosa. Karani alitusomea kadi yako kwa mkutano, mbele ya watu wote. Kama gari haina kosa, basi kosa iko na mtu."

"Njuguna?"

"Nani mwingine? Anauza oili. Niliweka kufuli, na bado taa inawaka, kwa hivyo anaitoa kwa chini. Jumamosi tuko na mkutano. Tukithibitisha, anaenda polisi. Na shamba lake kwa shirika, hiyo pia itaangaliwa."

Nilimtazama Njuguna kupitia kioo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na gari lilikuwa limezimwa. Ndipo nikaelewa kwamba ile kadi aliibeba mwenyewe mfukoni, akaifunga kifungo, akaenda kumpa karani kwa fahari aisome, kumbe alikuwa amebeba hukumu yake. Na mwandishi wa hukumu alikuwa mimi, mwenye sahihi ya mkia mrefu.

Nilienda kwa Kartar nikamweleza yote, pamoja na ile "wacha maneno". Hakunikaripia. Alikuja, akaomba kufuli lifunguliwe, akachomoa kijiti, akaisugua oili kwa kidole gumba na cha shahada, akainusa. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa imezidi alama kama kawaida, lakini mwenyekiti akasema ni ile waliyoongeza asubuhi.

"Oili moto yote ndugu moja," akasema. "Hii hapana sema kitu." Kisha akaniuliza mimi, si mwenyekiti: "Gari nalala wapi?"

"Mau Narok."

"Wewe shalala huko?"

"Hapana."

"Gari nagonjwa kule, wewe natibu hapa. Kama daktari naangalia kanzu ya mgonjwa." Akachukua mkebe mmoja mpya wa oili ya gari dogo kwenye rafu, akanipa. "Ijumaa naenda. Nalala karibu na gari. Asubuhi, kabla moto, naweka kidole. Na wewe, Barasa, safari hii nauliza."

Ijumaa nilipanda Mau Narok na mwenyekiti na Njuguna. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba nilale nyumba moja na Njuguna ili nishuhudie kama atatoka. Ile ndiyo siku niliyojua baridi. Mimi ni mtu wa mtama na joto, na Nakuru yenyewe nilikuwa nikiona ina baridi. Kule juu jua likishuka tu, hewa inakung'ata masikio. Mke wa Njuguna alitupa uji wa moto na blanketi mbili mbili. Njuguna hakusema mengi. Nilipomwomba msamaha kwa ile kadi, alichochea moto, akasema, "Wewe ni kijana. Lakini mimi nina watoto sita hapa, na wote wanaenda shule na watoto wa hao watu."

Kabla ya kulala nilikuwa nimeuweka ule mkebe wa Kartar nje, juu ya paa la gari kwa mwenyekiti, ili nao ulale mahali gari linapolala.

Asubuhi majani yalikuwa meupe. Umande ulikuwa umeganda, na ulipoukanyaga ulilia chini ya kiatu. Maji ya ng'ombe kwenye karai yalikuwa na ngozi ya barafu. Wanachama walikuwa wameshaanza kufika kwa ajili ya mkutano, wanaume kwa makoti mazito ya zamani ya jeshi, akina mama kwa mashuka, mvuke ukiwatoka midomoni. Njuguna hakuwa ametoka nyumbani hata kujisaidia, na hilo niliweza kuliapia.

Mwenyekiti aliniita. "Washa uone."

Niliwasha. Injini ilijivuta kama mzee anayeamshwa, ikashika, na taa ikawaka. Tulihesabu. Nilifika ishirini, nikafika thelathini, birika jekundu likiwa limenikodolea macho. Nikazima injini haraka nisije nikaiua.

"Umeona?" Mzee Kariuki akasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Imeisha tena! Leteni mkebe!"

Mtu akakimbilia ghala la maziwa akarudi na mkebe wa kimbo, ule wa mafuta ya kupikia, uliojaa oili hadi shingoni. Mzee alivua ule uzi shingoni, akafungua kufuli, akafungua boneti, akauinua mkebe. Hapo, ndugu zangu, baada ya miaka saba ya kazi, ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza kama fundi.

"Mzee, ngoja kidogo. Hiyo oili inatoka wapi?"

"Kwa pipa yetu."

"Pipa gani?"

"Ile ya trekta. Mzungu aliiacha. Ni oili mzuri sana, nzito kabisa, haina maji maji kama hizi za siku hizi. Trekta ilikunywa hiyo miaka yote."

"Na ni nani huongeza?"

"Ni mimi mwenyewe. Nikiona taa, naongeza mkebe moja."

"Huwa unapima kwa kijiti?"

Alinitazama kwa huruma. "Trekta ndiyo ilikuwa ya kupima na kijiti. Hii ni ya kisasa, inajisemea."

Sikuamini kwamba jibu lilikuwa limekaa karibu hivyo, nyuma ya swali moja. Nilichomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama, imepita hata pale nilipozoea kuikuta. Nilikiinua juu kila mtu aone. Haikudondoka. Iling'ang'ania kijiti kama asali ya mwisho wa mtungi.

"Wazee, akina mama," nikasema. "Hakuna oili iliyoibiwa hapa. Iko, na imezidi. Kama hamtaki kuniamini, tazameni hiki kijiti."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alisimama na mkebe wake hewani. Nikamwomba aumimine, si ndani ya injini bali chini kwenye majani. Akauinamisha. Tulisubiri. Ile oili ilitoka mdomoni mwa mkebe taratibu, ikaning'inia kama ulimi wa ng'ombe, ikakataa kushuka. Kisha nikachukua mkebe wa Kartar juu ya paa, uliolala baridi ile ile, nikautoboa, nikauinamisha. Ukamwagika kama maji kwenye viatu vyangu.

Niliwaeleza kwa maneno machache, maana wale walikuwa watu wa kazi. Gari hili lina pampu ndogo. Asubuhi inavuta oili hii iliyoganda, haiji. Isipokuja, taa inasema. Ukiongeza nyingine nzito, kesho inavuta kwa shida zaidi, na taa inakaa zaidi. Mkishuka hadi Njoro injini imepata joto, oili imelainika, taa imezima, na mimi kule Nakuru naona gari ni zima. Ile siku ya kwanza kabisa taa ilichelewa kwa sababu ya baridi tu, kwa hesabu ya mbili tatu, na ingeachwa ingejizimikia. Mama mmoja mzee akauliza, "Yaani ilikuwa imevimbiwa, na sisi tunailisha?" Nikamwambia ndivyo hasa.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakimtazama Mzee Kariuki. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, maana hakuna mtu aliyelipenda gari lile kama yeye. Alilifuta vumbi kila jioni kwa shati lake la zamani. Aliweka mkebe chini, akavua kofia, akatembea hadi aliposimama Njuguna, mbele ya shirika zima.

"Njuguna," akasema, "ni mimi."

Akampa ufunguo wa kufuli pamoja na uzi wake. Njuguna aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyoipokea kadi yangu, lakini safari hii hakutia mfukoni. Aliutazama, kisha akanigeukia.

"Fundi, ile karatasi yako ilisomwa hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi andika nyingine. Na isomwe hapa."

Nilikuwa na kadi tupu kwenye mkoba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi nivipulizie ndipo nishike kalamu. Niliandika kwa Kiswahili ili asihitajike mkalimani. Karani akasimama juu ya kigogo akasoma: "Taa iliwaka kwa sababu ya oili ya trekta na baridi. Dereva Njuguna hakuiba kitu chochote. Fundi hakuuliza." Akasoma tena mara ya pili kwa walio nyuma. Mke wa Njuguna alijifunika uso kwa shuka, akalia, na nikaona watoto wake wakimtazama baba yao.

Wazee walimtoza mwenyekiti mbuzi siku hiyo hiyo, na mbuzi akachinjwa hapo hapo. Nilikula mguu mzima. Niliporudi nikamsimulia Kartar, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wewe nakula mbuzi ya makosa yako." Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa. Tuliosha injini ile mara mbili, tukaitia oili yake, na vipete vya kufuli nikaving'oa. Matundu mawili yalibaki kwenye boneti mpaka gari lilipouzwa.

Tangu hapo, gari lolote likiingia kwangu, neno langu la kwanza lilikuwa moja. Mmenicheka kwa hilo, najua, na mmoja wenu hunitania kwa kuniigiza. "Limelala wapi?" Nimeliuliza kwa madereva wa Timboroa na wa Kinangop, kwa mapadri na kwa wafanyabiashara waliokuwa na haraka. Nimejibiwa kwamba limelala chini ya mti wa matunda ya ndege, limelala kwa jirani mwenye panya, limelala kwa mwanamke fulani na nisimwambie mtu. Nusu ya magonjwa ya magari niliyapata kwenye majibu hayo, na mengine yalikuwa magonjwa ya wenyewe.

Kartar aliondoka mwisho wa miaka ya sabini kwenda kwa mwanawe ng'ambo. Siku ya kuaga alinifunga macho kwa kitambaa, mbele ya wateja, akanitia spana mkononi. Nikasema tisa kwa kumi na sita. "Sasa wewe fundi," akasema, na nilipofungua macho alikuwa ameshageuka anatafuta koti lake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Namkumbuka kila nikisikia harufu ya oili na ya iliki ya chai yake pamoja.

Njuguna naye aliileta wagoni ile kwangu miaka yote. Kila alipofika, kabla sijafungua boneti, alifungua kifungo cha mfuko wa ndani, akatoa ile kadi. "Nisomee," alikuwa akisema. Nami niliacha kazi nikamsomea, sentensi zote tatu. Kadi ikachakaa, ikapata madoa, ikakatika kwenye mikunjo, na mimi nikawa siisomi tena bali naitazama tu huku nikisema kwa moyo. Wafanyakazi wapya walidhani ni cheti cha dawa.

Mara ya mwisho alikuja bila gari. Wagoni ilikuwa imeuzwa zamani, yeye amepinda mgongo, anatembea kwa fimbo, amevaa koti lile lile. Nilimpa kiti kivulini. Akatoa kadi, vipande vinne sasa, akavipanga juu ya goti.

"Nisomee."

Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili, kisha nikajifanya nimemaliza. Nilidhani hatagundua.

"Bado moja," akasema.

"Fundi hakuuliza," nikasoma.

Akatikisa kichwa, akavikusanya vile vipande akavirudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Sasa niulize."

"Nikuulize nini, mzee?"

"Vile unaulizanga gari."

Nikapiga magoti karibu na kiti chake, maana masikio yake yalikuwa yamechoka. "Umelala wapi, Mzee Njuguna?"

"Section 58, hapa hapa Nakuru, kwa msichana wangu wa kwanza," akasema, na uso wake ukafunguka kama siku ile ya kadi ya kwanza. "Huko hakuna baridi. Nimelala vizuri."